Semi-oto ya kupiga shabaha mbali: .308, 6.5 Creedmoor, au nibaki na bolti yangu?

mlenga_mbali:
Wakuu habari za humu, naombeni mawazo maana nimesoma mpaka kichwa kinauma na kila mtu anasema lake. Nina bunduki ya bolti (unaivuta kwa mkono kila risasi) ya kaliba ya .308 naipiga mpaka mita 600 na inanitii, sasa klabu wamefungua mstari wa mita 900 na mi nimeanza kutamani semi-oto (inayojipakia yenyewe) ya kufika huko. Ni shabaha tu, karatasi na vyuma, nalala chini na bipodi mbele na kifuko cha mchanga nyuma ya kitako, basi. Kibali nimeshaulizia na kwetu inaruhusiwa kwa mwanachama wa klabu.

Shida yangu ni kwamba kila ninayemuuliza ana jibu lake. Mmoja kanambia chukua M1A (ile M14 ya jeshi la Marekani toleo la kiraia) ina historia, mwingine anasema SVD ya Kirusi, mwingine AR-10 yoyote ile zote ni sawa tu, wa nne akacheka akasema semi-oto haijawahi kupiga chini ya dakika moja (ile dakika ya pembe, ya kupimia mtawanyiko wa risasi) na haitapiga. Ni kweli? Alafu kama ni AR-10, niende .308 ambayo tayari nina maganda yake au nihamie kaliba ya 6.5 Creedmoor? Na hela niiweke wapi zaidi, kwenye bunduki au darubini? Bajeti ipo lakini sio ya kuchezea, nanunua mara moja.

BoltiMoja:
Mkuu swali la kwanza, semi-oto ya nini? Hela ile ile ukiiweka kwenye bolti unapata bunduki inayopiga vizuri zaidi, nyepesi kurekebisha, haili baruti kwa kuchagua, na maganda yako yanatoka bila kubonyea. Angalia wanaopiga F-Class (mashindano ya mbali ya kulala na darubini), duara la 10 kwenye shabaha yao ya yadi 1000 lina upana wa inchi 10, kama sentimita 25 hivi, yaani dakika moja kasoro, na la ndani yake la X ni nusu ya hapo. Hesabu ni watu wangapi pale wanalala na semi-oto. Mi nadhani unatamani tu.

gesi_ya_kutosha:
BoltiMoja hajakosea ila kajibu swali ambalo hujauliza. Kutamani ni sababu halali kabisa, hii ni michezo.

Tuanze na hiyo ya dakika moja. Dakika moja ya pembe kwa mita 100 ni kama sentimita 2.9, kwa mita 900 ni sentimita 26. Semi-oto nzuri za leo zinapiga chini ya hapo na zinarudia, sio bahati. SR-25 ya Knight's Armament, LaRue OBR, LRP-07 ya JP, GAP-10 ya GA Precision, hizo zote ni familia ya AR-10 na zilitengenezwa kwa ajili ya usahihi tangu mwanzo. Jeshi la Marekani lilichukua M110 ambayo ni mtoto wa SR-25, na baadae wakachukua M110A1 ya Heckler & Koch. Kwahiyo huyo aliyecheka yuko nyuma ya wakati kidogo.

Ila "AR-10 yoyote zote ni sawa" hapana, hapo umedanganywa vibaya. AR-15, ndugu yake mdogo, ina vipimo vinavyoeleweka, bolti ya kiwanda hiki inaingia kwenye bunduki ya kiwanda kile. AR-10 haina huo utaratibu. Eugene Stoner aliichora ArmaLite miaka ya 1950, baadae viwanda vikaifufua kila kimoja kwa njia yake, ndio maana kuna mkondo wa DPMS, kuna mkondo wa ArmaLite, kuna wanaofuata SR-25, na hata magazini zilitofautiana, ArmaLite AR-10B ilikuwa inakula magazini za M14 zilizorekebishwa wakati wengine wanatumia za SR-25. Ukinunua moja kipande hapa kingine pale unaweza kukaa na chuma kizuri ambacho hakifungi. Kwa mtu wa mara ya kwanza nunua nzima kutoka kwa mtengenezaji mmoja, alafu uliza kabla hujalipa: mtutu wa akiba unapatikana? bolti ya akiba je? Maana mtutu ni kitu cha kuisha, tutafika huko.

Sasa kwa nini semi-oto inasumbua kuliko bolti. Risasi inakaa ndani ya mtutu muda usiofika hata sehemu mbili kwa elfu za sekunde, lakini kabla haijatoka mdomoni imeshapita kile kitundu cha gesi na gesi imeanza safari ya kurudi nyuma. Nyundo nayo ya triga ni kubwa, inazunguka njia ndefu mpaka igonge pini, kwahiyo toka umevuta mpaka baruti iwake unapita muda mrefu kuliko kwenye bolti. Muda huo wote bunduki ipo mikononi mwako na kila unachokifanya inakisikia. Ukilegeza bega mapema, ukainua shavu uangalie umepiga wapi, risasi inaenda kwingine. Ndio sababu mtu anapiga vizuri na bolti, akishika semi-oto anasema bunduki mbovu. Na ukiongeza ule mzigo wa kibeba bolti unaokwenda nyuma na kurudi, unapoteza picha kwenye darubini kama hujaketi vizuri nyuma yake.

Vitu vya kuangalia dukani, kwa mpangilio wangu mimi: mtutu, triga, gesi. Mtutu uwe wa chuma cha pua mzito kiasi, unaelea, maana yake kikinga mkono cha mbele kimefungwa kwenye bodi (mwili wa bunduki) na hakigusi mtutu popote, bipodi inaning'inia kwenye kikinga na sio kwenye mtutu. Urefu inchi 20 mpaka 24, zaidi ya hapo unabeba nondo. Krieger, Bartlein na Criterion ni majina ya mitutu ambayo huwezi kujuta. Triga iwe ya hatua mbili, hatua ya kwanza unaichukua unasimama kwenye ukuta alafu unabonyeza kidogo inaachia, Geissele SSA-E ni ya kuanzia na wengi hawaendi mbali zaidi ya hapo. Gesi iwe na bloku ya kurekebisha, kwa sababu bunduki nyingi zinatoka kiwandani zimeachiwa gesi nyingi ili zifanye kazi na risasi ya aina yoyote kwenye hali yoyote, we hutaki hiyo, unataka ifunguke taratibu na iache kukupiga teke la bure.

M1A: ni bunduki tamu, naipenda, ila kuifanya ipige sawa na AR-10 ya kawaida inabidi igundishwe kwenye kitako na fundi anayejua, mitambo ya gesi iunganishwe isichezecheze, alafu kila ukiifungua kuisafisha ule mgandamizo unaanza kupungua. SVD iliingia jeshini 1963 kumpa askari wa kikosi cha kawaida bunduki ya kufika mbali kuliko wenzake, mtutu mwembamba, ukipata dakika moja na nusu au mbili shukuru. Hizo ni za kupenda. Sio za mita 900 kwenye karatasi.

dada_upepo:
Gesi kamaliza upande wa chuma ngoja niseme upande wa hewa, manake huko mita 900 ndio upepo unaokunyang'anya alama na sio bunduki.

.308 na kichwa (ile risasi yenyewe inayoruka) cha uzito wa greni 175 ikitoka mtutu wa inchi 20 au 22, ikifika mita 900 imebakiza kasi kidogo tu juu ya kasi ya sauti. Pale ndipo risasi inapoanza kuyumba. Kuna ile Sierra MatchKing ya greni 168 ambayo mpaka mita 600 ni nzuri mno, umbo la mkia wake likikaribia kasi ya sauti linaivuruga, watu wanashangaa mashimo yamelala ubavu kwenye karatasi. Kama unabaki na .308 tumia 175 au zaidi na usiguse 168 kwenye mstari wa 900.

6.5 Creedmoor na kichwa cha 140 inatoka kwa kasi kubwa kidogo, ni nyembamba na ndefu, inapasua hewa vizuri, hata baada ya mita 1100 bado iko juu ya sauti. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa unaisukuma .308 zaidi ya mita 2 kwenye yadi 1000, 6.5 inasukumwa kama robo tatu tu ya hapo. Ukikosea kusoma upepo, na utakosea tu kila mtu anakosea, 6.5 inakusamehe zaidi. Na teke lake ni dogo, kwenye semi-oto hiyo ni faida mara mbili kwa sababu unabaki ndani ya darubini unaona risasi yako imetua wapi.

Hasara yake ni mtutu. .308 mtutu mzuri unakaa risasi 5000 na kuendelea, 6.5 ukifika kati ya 2000 na 3000 anza kuangalia, na semi-oto inashawishi upige haraka haraka ukauchoma mapema. Kwahiyo kama unapiga sana mazoezi hesabu mtutu kama kitu cha kununua tena.

Mi ningekwenda 6.5 bila kufikiri. Mifereji (ile ya ndani ya mtutu inayozungusha risasi) mzunguko mmoja kila inchi 8 ndio ya kawaida kwa 140. Kwa .308 inchi 10 mpaka 11.25.

mlenga_mbali:
Asanteni sana, gesi_ya_kutosha umenifungua macho na dada_upepo pia. BoltiMoja nikujibu, sababu ipo, klabu wana mashindano ya vyuma vingi kwa muda mfupi, unalala unapiga vitano kwa umbali tofauti dakika inakwisha, na mi bega langu la kulia nilishafanyiwa upasuaji kuvuta bolti haraka haraka kunanichosha, na karatasi ya mita 900 ni kujipima tu. Sasa nauliza, naunda risasi zangu mwenyewe za bolti, ule ujuzi unahamia moja kwa moja? Na kuna jamaa kaniambia nisahau AR-10 nichukue AR-15 tu inatosha, mita 900 na .223 kweli?

fundi_maganda:
Hauhami moja kwa moja. Soma vizuri hapa kabla hujaketi kwenye mashine.

Kwenye bolti pengine unabana shingo ya ganda peke yake na kuacha mwili ulivyo kwa vile limeshakaa kwenye chemba yako (pale risasi inapokaa mtutuni). Semi-oto usifanye hivo. Ganda lote lirudishwe vipimo vyake kila mara na bega lisukumwe nyuma kidogo, la sivyo siku moja bolti itafunga nusu ikwame na hapo hautaitoa kwa maneno mazuri. Shingo ishike kichwa vizuri, maana bolti inapokwenda mbele inalibamiza ganda ndani ya chemba kwa nguvu, kichwa kilicholegea kinasogea mbele au kuingia ndani, urefu unabadilika, na kikiingia ndani sana presha nayo inapanda. Pima baada ya kuingiza, usipime baada ya kuunda tu: weka risasi kwenye magazini, achia bolti, itoe bila kupiga, pima tena.

Praima, kile kiwashio cha kitakoni mwa ganda, na hapa sitanii. Pini ya AR inaelea, mara nyingi hamna springi inayoizuia, kila bolti ikifunga inaigusa praima kidogo. Itoe moja uangalie utaona kialama. Kwa hiyo praima laini weka pembeni, tumia ngumu, CCI wana namba 34 kwa ukubwa wa .308 na namba 41 kwa .223 zimetengenezwa kwa ajili hiyo. Na praima izame chini ya usawa wa kitako cha ganda, pitisha kidole kila moja.

Baruti nayo usichukue inayowaka polepole mno kwa sababu tu ilikupa kasi nzuri kwenye bolti, presha ikifika kwenye kitundu cha gesi bado kubwa inaipiga bolti vibaya. IMR 4064 na Varget zimefanya kazi kwenye .308 za gesi miaka mingi, 6.5 watu wanapenda H4350. Vipimo fuata kitabu cha mtengenezaji sehemu ya semi-oto kama wameitenga, anzia chini. Sitakuandikia greni hapa na usichukue greni za mtu yeyote humu.

Urefu wa jumla unabanwa na magazini, za SR-25 hazipiti sana inchi 2.8, kwahiyo ile raha ya kusogeza kichwa karibu na mifereji sahau. Na maganda yatabonyea na kurushwa mbali, PSG1 ya Heckler & Koch inajulikana kwa kurusha ganda mita 10, ya kwako haitafika huko lakini tandika turubai.

mstari_wa_600:
Hiyo ya AR-15 niachieni mimi. Jamaa yako hajatania. Kule Camp Perry, Ohio, ambako mashindano ya taifa ya Marekani yanapigwa tangu 1907, M1 Garand ilitawala, ikaja M14, ikaonekana hakuna kitu kitaiondoa, kufika katikati ya miaka ya 1990 AR-15 ikazipita zote. Kaliba ile ndogo. Wanapiga yadi 200, 300 na 600, kwa 600 wengi wanatumia kichwa cha greni 80 ambacho hakiingii kwenye magazini, wanaingiza moja moja kwa mkono, na 77 kwa zile za haraka. Mifereji mzunguko kila inchi 7 au 8. Teke hamna, risasi za bei nafuu, mtutu wa akiba unapatikana kila mahali, na kwa bega la upasuaji hii ndio ningekuwa naongea nayo kwanza.

Ila mita 900? Inafika, watu wanafanya, upepo unaitupa kama karatasi. Kama unataka bodi ndogo na bado uende mbali angalia 6.5 Grendel au 6mm ARC, zote zinaingia kwenye AR-15 kwa kubadili mtutu, bolti na magazini. Hazifiki Creedmoor, lakini ziko karibu kuliko unavyodhani na zinabeba uzito mdogo.

BoltiMoja:
Sababu ya bega naikubali, ungeisema mwanzo nisingekusumbua. Basi 6.5, sio .308, achana na habari ya "tayari nina maganda". Maganda ni sehemu ndogo kabisa ya gharama.

Ila niongeze moja, mtu akikuuzia bunduki kwa karatasi ya risasi tatu yenye shimo moja zuri usinunue karatasi. Risasi tatu hazikwambii kitu, ni sawa na kurusha sarafu mara tatu ikatua upande mmoja ukatangaza haina upande wa pili. Omba risasi kumi kwenye karatasi moja, mfululizo, mtutu ukipata moto. Kuna mitutu inapiga tano za kwanza vizuri ikichemka inaanza kupanda juu kushoto, na semi-oto ndio itakayochemka. Bunduki inayoshika kumi ndani ya dakika moja ni bora kuliko inayoshika tatu ndani ya nusu.

gesi_ya_kutosha:
👆 Hii ya BoltiMoja iprintiwe.

Kwa 6.5 kitu kimoja cha kiufundi, uliza kama bomba la gesi ni la ule urefu unaoitwa rifle-length au limerefushwa zaidi ya hapo inchi mbili. Creedmoor inapeleka presha kubwa kwenye kitundu kikikaa karibu na chemba, bomba refu linaituliza. Bunduki nyingine zinatoboa praima kwa sababu tundu la pini kwenye bolti ni pana, mtengenezaji makini analipunguza.

dada_upepo:
Hajajibiwa ya darubini. Mkuu weka hela nyingi huko kuliko moyo unavyotaka. Bunduki ya wastani na darubini inayofuata mibofyo unapiga, bunduki ya kifahari na darubini inayodanganya unakisia. Retiko (alama za ndani ya kioo) na tareti (vifundo vya kuzungusha) viongee lugha moja, mili na mili (mili ni kipimo cha pembe), mbofyo mmoja wa mili 0.1 ni sentimita 1 kwa mita 100 na sentimita 9 kwa mita 900, hesabu inafanyika kichwani. Kwa mashindano ya vyuma umbali tofauti tofauti retiko iwe ya uso wa kwanza, inakua na kupungua na ukuzaji, vipimo havibadiliki. Vortex Razor ya 4.5-27, Nightforce ATACR, Leupold Mark 5HD, chagua unayoimudu. Rail ya mteremko wa dakika 20 ili usiishiwe na tareti huko mbali. Alafu jaribu: piga mita 100, panda mili 10, risasi ipande mita 1 kamili kwenye karatasi ndefu, shuka, irudi kwenye tundu lile lile. Isiporudi irudishe dukani.

Na kronografu, kile kipima kasi ya risasi. Tofauti ya mita 15 kwa sekunde kati ya risasi na risasi huioni mita 100, mita 900 inakupandisha na kukushusha zaidi ya sentimita 30, utalaumu upepo wangu bure.

mlenga_mbali:
Nimeelewa wakuu. 6.5 Creedmoor, nzima kutoka kiwanda kimoja, inchi 22, gesi ya kurekebisha, triga ya hatua mbili, darubini ya mili. Kuna mwanachama mmoja ana LRP-07 ya kaliba hiyo hiyo kasema ataniachia nilale nayo kabla sijalipa popote. Swali la mwisho, kuna mtu wa nchi jirani klabuni kwetu kauliza kama anaweza kuleta yake kwenye mashindano?

mstari_wa_600:
Hiyo aulize polisi wa pande zote mbili kwa maandishi kabla hajaifunga kwenye boksi. Sheria za semi-oto zinatofautiana mno, Uingereza walizipiga marufuku zote tangu 1988 isipokuwa zile za .22 ya ukingoni (kiwashio kiko ukingoni mwa ganda), Australia wakazibana 1996, New Zealand 2019, na kuna nchi wanaruhusu lakini wanahesabu mpaka ukubwa wa magazini. Kuwa na kibali kwako hakumaanishi unapita mpakani nayo.

fundi_maganda:
Na siku ya kwenda kulala na hiyo LRP ya watu, beba bendera ya chemba yako mwenyewe (kile kipande cha kuonyesha chemba iko tupu). Semi-oto ikiwa imefungwa hujui kama ndani kuna kitu, msimamizi anayejua kazi yake hatakuacha usogee mbele ya mstari bila kuiona imetoka nje ya chemba.

mlenga_mbali:
Sawa fundi, ninayo ya bolti ya .308, inaingia?

fundi_maganda:
Zile za plastiki za kawaida zinaingia zote mbili. Hakikisha tu magazini umetoa kwanza.